Kushona kama kwa Bwana: mwongozo kwa fundi cherehani Mkristo

Mwongozo huu ni wa fundi anayekaa kwenye cherehani siku sita za juma, Jumapili anakwenda ibadani, na anatamani imani yake ionekane pia kwenye kazi ya mikono yake. Nimeufuatisha na safari ya nguo yenyewe, tangu mteja anapoingia na kitambaa kwenye mfuko mpaka anapochukua kilichoshonwa. Mahubiri juu ya bidii tumeyasikia mengi. Ni mara chache fundi anaambiwa bidii hiyo akaitie wapi: kwenye kola, kwenye msamba, au kwenye daftari la tarehe.

Kabla ya yote: jua unamshonea nani

Fungua Wakolosai, usome kuanzia 3:22 mpaka 4:1. Mstari wa 23 tumezoea kuunyofoa na kuubandika ukutani peke yake: "Lo lote mfanyalo, lifanyeni kwa moyo, kama kwa Bwana, wala si kwa wanadamu." Ukisoma mstari unaoutangulia utaona walioambiwa ni watumwa. Watu hao walifanya kazi bila ujira, na walipofanya vizuri aliyetajirika ni mwingine. Barua hiyo ilipopelekwa Kolosai, Tikiko aliyeibeba alifuatana na Onesimo, yuleyule ambaye barua kwa Filemoni inatueleza kuwa alikuwa mtumwa. Sisi wa ukanda huu tuna sababu ya kuyasikia maneno hayo kwa uzito. Kanisa kuu la Kianglikana la Mkunazini, Zanzibar, limejengwa mahali palipokuwa soko la watumwa, lile lililofungwa mwaka 1873.

Paulo hasemi kwamba mabwana wa Kolosai walistahili kazi nzuri. Anaiondoa kazi mikononi mwao na kuikabidhi kwa Kristo, kisha katika 4:1 anawageukia mabwana wenyewe na kuwaagiza watoe yaliyo haki, kwa kuwa na wao wana Bwana mbinguni.

Hilo linakusaidia siku anapokuja mteja mkorofi, anayekubembeleza ushushe bei mpaka inakukata. Bishana naye kwenye bei kwa adabu, na ukiona haikulipi mwambie hapana. Lakini mkishakubaliana, bei iishie hapo. Isiingie kwenye mshono. Kuna fundi anayekubali fedha kidogo halafu anajilipa kwa kuruka ovaloki, ule mshono unaozuia kingo za ndani zisichanguke, na kutumia uzi dhaifu. Huyo amemwibia mteja, na kazi aliyosema ni ya Kristo ameichafua.

Katika mstari wa 22 kuna maneno "utumwa wa macho", yaani kufanya kazi kwa sababu tu kuna anayekutazama. Yashike hayo, maana kazi yetu ina upande ambao mteja hautazami kamwe. Nitarudi huko kwenye hatua ya tano.

Hatua ya kwanza: kagua vifaa, kwanza futi

Futi ya kupimia, ya plastiki au ya kitambaa, huvutika kadiri inavyotumika, na kwa macho hutagundua. Ilaze juu ya rula ya chuma, linganisha sentimita 30 za mwanzo, isogeze, endelea mpaka mwisho wa futi. Ikipishana hata nusu sentimita, itupe siku hiyohiyo. Kama kibandani mna futi mbili, zilinganishe zenyewe kwa zenyewe, kwa sababu mara nyingi mteja hupimwa kwa moja na kitambaa kikakatwa kwa nyingine. Mithali 11:1 inasema, "Mizani ya hadaa ni chukizo kwa BWANA." Tunapenda kuwahubiria hivyo wauza nyama na wauza sukari, ilhali Kumbukumbu la Torati 25 linakataza kuwa na vipimo mbalimbali ndani ya nyumba, na hakuna fundi aliyeachwa nje ya katazo hilo.

Hapa liingie pia jambo la mita. Mteja anapokuuliza anunue kitambaa kiasi gani, mpe hesabu ya kweli. Kama gauni linatosha kwa mita mbili na nusu, usimwambie tatu ili ubaki na kipande. Anaweza kuwa amejinyima ili kuipata hiyo nusu mita.

Kisha safisha cherehani. Fungua bati chini ya sindano, futa vumbi la nyuzi kwa brashi, tia tone la mafuta ya cherehani kila penye tundu lake, endesha mashine juu ya kitambaa kichakavu mpaka mafuta ya ziada yaishe. Doa la mafuta kwenye shati jeupe la mtu ni kazi ya dakika tano ambayo haikufanywa asubuhi.

Hatua ya pili: mpime mtu, usipime mwili tu

Avue koti au sweta, asimame kama anavyosimama siku zote. Wengi wakiona futi huvuta tumbo ndani. Zungumza naye kidogo, muulize habari za nyumbani, mpaka apumue kawaida, ndipo usome namba. Suruali ipimwe akiwa na viatu atakavyovalia. Kifuani na nyongani acha nafasi ya vidole viwili chini ya futi.

Fundi mwanamume anayempima mwanamke aombe msaidizi wa kike afanye hivyo, au ampe mteja ashike futi mwenyewe. Namba usiitaje kwa sauti ya kusikika barazani. Kuna mama aliyenenepa baada ya kujifungua, na kuna baba aliyekonda kwa ugonjwa ambao hajamwambia mtu; mtu wa namna hiyo anakukabidhi jambo analolionea haya, akitegemea utamstahi. Andika, funga mdomo, endelea.

Kwenye daftari liwepo jina, simu, vipimo vyote, mshono aliochagua, kiasi cha kitambaa alicholeta, fedha aliyolipa na inayobaki, na tarehe. Kata kijipande cha kitambaa chake ukibane pembeni mwa ukurasa. Vitenge viwili vinavyofanana vimeshagombanisha watu wengi.

Daftari hilo linafaa pia kwa sala. Asubuhi, kabla hujakanyaga cherehani, soma majina ya wenye nguo za siku hiyo na umtajie Mungu kila mmoja. Huyu anakwenda harusini, huyu mtoto wake anaanza darasa la kwanza, huyu anashona nguo ya msiba. Ukishamwombea mtu kwa jina lake, inakuwa vigumu kumshonea ovyo.

Hatua ya tatu: toa tarehe ya kweli

Nitakaa hapa kwa muda, kwa sababu naamini hapa ndipo ushuhuda wa mafundi Wakristo unapoharibika zaidi kuliko mahali pengine popote. Waulize watu mtaani wanamjua fundi cherehani kwa maneno gani. Watakuambia: "Njoo kesho." Watakuambia: "Bado vifungo tu." Na kitambaa bado kiko kwenye mfuko, hakijaguswa na mkasi. Tunasema hivyo tukitabasamu, kama desturi ya kazi. Ni uongo. Bwana alisema ndiyo yetu iwe ndiyo na siyo yetu iwe siyo (Mathayo 5:37), na hakuweka msamaha maalumu kwa mafundi.

Mara nyingi uongo huo hautoki kwenye ubaya wa moyo. Fundi hajui anaweza kushona nguo ngapi, na anaogopa kupoteza kianzio, ile fedha anayotanguliza mteja. Basi anza na kujijua. Kwa wiki mbili andika saa ulizotumia kwa kila nguo, kuanzia kukata mpaka kupiga pasi. Usikadirie, tazama saa. Tuseme umeona shati moja linakuchukua saa nne, na una saa nane za kazi kwa siku. Usiseme basi unashona mashati kumi na mawili kwa wiki. Umeme utakatika, kutakuwa na msiba, mtoto ataugua, mteja wa zamani ataleta zipu iliyokufa. Ahidi nane au tisa, na siku moja ya juma usiiahidi kwa mtu yeyote. Hiyo ndiyo itakayokuokoa.

Chora kalenda kwenye karatasi kubwa, kila siku na nafasi zake. Nguo ikipokelewa, jina liingie kwenye nafasi. Nafasi zikijaa, siku imefungwa. Itundike mahali mteja anapoiona, ili asidhani unamkataa yeye.

Ugumu unakuja kwenye misimu: kipaimara, Krismasi, na sare za kufungua shule Januari. Ndipo fedha inapopatikana, na ndipo uongo unapokuwa mwingi. Jizoeze kusema hivi: "Mama, kabla ya tarehe 28 sitaweza. Kama inakufaa, niachie. Kama ni lazima iwe kabla, fundi wa pale kona anashona vizuri, mjaribu." Itakuuma mara ya kwanza. Zaburi ya 15 inapoeleza ni nani atakayekaa katika hema ya Bwana, inamtaja mtu ambaye ameapa kwa hasara yake na wala habadili maneno yake. Kwa fundi, hasara hiyo inaweza kuwa kianzio alichokiacha kipite, au fedha aliyomlipa mwenzake amsaidie ovaloki ili nguo itoke siku iliyosemwa.

Ukiona utachelewa kweli, piga simu wewe kabla ya siku kufika. Sema sababu kama ilivyo, toa tarehe mpya ambayo una hakika nayo. Mteja aliyepigiwa simu Jumatano anaweza kujipanga. Aliyefunga safari Ijumaa kwa nauli yake akakuta gauni halijakatwa, na harusi ni kesho, amedhulumiwa.

Neno moja juu ya kazi za kanisa. Sare za kwaya na majoho ya watoto wa Shule ya Jumapili ndizo zinazoshonwa vibaya kuliko zote, kwa kuwa fundi anajiambia kwamba ni za kanisani, watamwelewa. Nabii Malaki, sura ya kwanza, aliwakuta makuhani wakimtolea Mungu wanyama vipofu na vilema, akawaambia wakampelekee liwali wao waone kama atapendezwa. Kazi ya kanisa iandikwe kwenye daftari kama nyingine, ipewe tarehe na bei, na fedha ikipokelewa itolewe risiti. Ukiamua kujitolea, jitolee kwa mshono uleule unaomshonea mteja anayelipa vizuri kuliko wote.

Hatua ya nne: kukata

Kitambaa cha pamba, pamoja na vitenge vingi, hupungua kikifuliwa mara ya kwanza. Kiloweke kwenye maji matupu, kianike kivulini, kipige pasi, ndipo ukate. Ukiruka hatua hii nguo itamkaa mteja vizuri siku ya kuichukua, na itambana baada ya kufuliwa, wakati fedha yako umeshaila.

Laza kitambaa ukifuata uzi wake wa urefu, ule unaokwenda sambamba na ukingo wa kiwandani. Pima kutoka ukingoni mpaka kwenye mstari wa katikati wa mchoro wako, juu na chini, namba zilingane. Suruali iliyokatwa mshazari ili kubana kitambaa itajizungusha mguuni baada ya muda. Kama kitenge kina ndege au maua yenye kichwa na miguu, hakikisha yote yanatazama juu, na kwamba ua kubwa halikugawanyika vibaya kifuani.

Acha akiba. Ubavuni na katikati ya mgongo acha sentimita mbili na nusu kwa ndani. Sare ya mtoto iwe na pindo la sentimita tano mpaka saba, ili mama yake aweze kulishusha mwaka unaofuata badala ya kununua sare nyingine. Wewe utapoteza mteja wa Januari kwa ajili ya pindo hilo. Liache hivyohivyo.

Na usikate kitambaa usiku ukiwa umechoka. Mshono unafumuliwa, mkasi ukishapita, umepita.

Hatua ya tano: upande wa ndani

Geuza ndani nje nguo yoyote uliyoimaliza wiki hii. Upande wa nje mteja atautazama kwenye kioo. Upande wa ndani hatautazama, au atauona siku utakapomwaibisha. Malipo ni yaleyale. Kama kuna mahali ambapo fundi anaweza kujua anamtumikia nani, ni hapa.

Anza na kipande cha majaribio cha kitambaa hichohicho. Uzi wa juu usionekane chini na wa bobini, kile kigurudumu cha uzi wa chini, usivutwe juu. Urefu wa mshono uwe karibu milimita mbili na nusu kwa vitambaa vya kawaida, sawa na mishono kumi hivi kwa inchi. Kuurefusha mpaka milimita nne kunamaliza shati haraka, na mteja hawezi kuona tofauti mpaka mshono uanze kuachia. Sindano nayo ifuate kitambaa: namba 11 kwa vyepesi, 14 kwa vya kati, 16 kwa kaki nzito na jinzi. Sindano butu huvuta nyuzi na kuacha vitundu. Ibadilishe kabla haijavunjika.

Kila mwanzo na kila mwisho wa mshono, rudisha nyuma mara mbili tatu. Msamba upitishe mara mbili, na kwenye kaputura za shule uupitishe hata mara ya tatu. Mtoto wa kiume anaruka, anachuchumaa, anapanda miembe. Kaputura ikimchanikia mbele ya darasa, aliyeumia ni yeye, na aliyeokoa dakika mbili ni fundi. Mifuko ishonwe kwa kitambaa imara, maana watu hubeba simu, funguo na sarafu. Kingo zote za ndani zipite ovaloki, au zigizaga kama huna ovaloki, au zishonwe kwa mkono kama huna vyote viwili. Kifungo cha koti kiachie shingo ya uzi kati yake na kitambaa, uizungushe, ufunge fundo kwa ndani. Kila mshono upige pasi kabla hujauvuka kwa mwingine. Pasi ya mwisho haiwezi kurekebisha mishono iliyorukwa.

Shingo inataka uangalifu wake, kwa sababu ndipo nguo inapovutwa kila inapovaliwa. Ongeza kipande cha ndani kinachofuata mduara wa shingo, ukikate katika shingo hiyohiyo, ukishone, ukipasue vipasuo vidogo kwenye mviringo ili kigeuke bila kukunjamana. Agizo hili ni la kale mno. Katika Kutoka 28:32, Mungu anapoeleza joho la Haruni, anaagiza tundu la kichwa lizungushiwe utepe uliofumwa ili lisipasuke. Ninaposoma mstari huo nashangaa kila mara. Aliyezifanya mbingu anajali shingo ya vazi isichanike, na ameagiza iandikwe.

Waliopewa kazi hiyo walikuwa Bezaleli wa kabila la Yuda na Oholiabu wa kabila la Dani. Maandiko yanasema Mungu alimjaza Bezaleli roho yake, katika hekima na ujuzi wa kazi, na Oholiabu anatajwa kuwa fundi wa kuchora na kutia taraza kwa nyuzi za rangi. Tunapoomba ujazo wa Roho tukiwa kwenye mikesha, tukumbuke kuwa watu hawa walijazwa ili wakate, wachonge, wafume na kudarizi sawasawa. Ukishindwa kuweka zipu iliyofichwa, omba msaada wa Mungu, na pia nenda kwa fundi anayejua ukaketi ujifunze. Oholiabu naye alifanya kazi chini ya mwenzake.

Kuna nguo nyingine ya kuikumbuka. Askari waliomsulubisha Yesu waligawana mavazi yake, lakini kanzu yake hawakuipasua, kwa kuwa haikuwa na mshono, ilifumwa yote toka juu (Yohana 19:23–24). Aliyeifuma hatumjui. Ilivaliwa na Bwana mpaka siku ile, na askari wale wagumu waliona kuiharibu ni hasara.

Hatua ya sita: mabaki

Yarudishe yote, hata ya upana wa kiganja. Yafunge pamoja na nguo. Mteja akisema hayahitaji, hapo yamekuwa yako.

Hatua ya saba: anayejifunza kwako

Fundi mwenye wanagenzi ni miongoni mwa mabwana wa Wakolosai 4:1, apende asipende. Kijana aliyelipiwa ada na wazazi wake asifagie na kuchemsha chai miezi na miezi bila kugusa cherehani. Mpangie: wiki hizi vifungo na pindo, zinazofuata mifuko, halafu kola, halafu kukata. Mwonyeshe na zile mbinu unazozificha, ikiwemo namna ya kukata bila kupoteza kitambaa. Akianza kushona nguo ambazo wateja wanazilipia, naye apate chake, siku ileile. Walawi 19:13 inakataza ujira wa kibarua kulala kwako mpaka asubuhi. Kazi yake ikiwa mbaya, fumueni pamoja na ushone upya ukimweleza. Ukiiachia ipite kwa mteja kwa sababu ni nguo ya bei ndogo, utakuwa umemfundisha utumwa wa macho kwa vitendo.

Hatua ya nane: nguo ya asiyeweza kulipa

Petro alipofika Yafa baada ya Dorkasi kufa, wajane walimzunguka wakilia, wakamwonyesha kanzu na nguo alizowashonea (Matendo 9:39). Hawakuwa na maneno mengi juu ya imani yake. Walizishika nguo.

Panga kiasi unachoweza: labda sare moja kila muhula, labda nguo moja kila baada ya miezi miwili. Kiandike kwenye kalenda yako kama kazi nyingine, la sivyo itasogezwa mpaka isahaulike. Kwenye jumuiya au kwa mwalimu wa shule ya jirani uliza ni mtoto gani hana sare, kisha zungumza na mzazi wake faraghani. Mpime mtoto kama mteja, mshonee kwa uzi uleule na pindo lilelile. Usimpige picha, wala usimtangaze kanisani.

Hatua ya tisa: pima na nguvu zako

Baada ya haya yote kuna fundi atakayelemewa, hasa yule mwenye dhamiri nyepesi. Namwambia asome Marko 14. Mwanamke wa Bethania alipommiminia Yesu marhamu na watu wakamlaumu, Bwana alisema, "Ametenda alivyoweza." Hakumdai alivyoweza mtu mwingine. Fundi mwenye mimba ya miezi minane, anayekanyaga cherehani ya miguu asiye na uwezo wa kuiwekea mota, na fundi mwenye duka mjini na mashine tano, hawaulizwi idadi moja ya nguo.

Na hatushoni vizuri ili tuokolewe. Waefeso 2:8–10 wameweka mambo kwa mpangilio: neema kwanza, matendo mema yanafuata kwa sababu ndiyo tuliyoumbiwa. Fundi anayefumua kola mara ya nne kwa hofu, huku nguo za wengine zikingoja, hajamtukuza Mungu kwa kufanya hivyo, anawachelewesha watu. Ikiwa kola imekaa sawa pande zote mbili, imelala vizuri na haina mkunjo, imekwisha. Weka pasi, endelea na nyingine.

Jumapili funga. Amri ya kupumzika siku ya saba (Kutoka 20:9–10) inamtaja mtumwa na mgeni pia, kwa hiyo mwanagenzi wako naye asiachiwe ufunguo "amalizie kidogo". Msimu wa Krismasi jaribu hili ni kubwa. Kalenda ya hatua ya tatu ikifuatwa, halitakuwa na nguvu sana.

Hatua ya kumi: kumkabidhi mteja

Siku moja kabla, ikague nguo mwanga wa mchana ukiwepo. Kata nyuzi zinazoning'inia, futa chaki, vuta kila kifungo, funga na kufungua zipu mara kadhaa, geuza ndani nje upitie kila mshono kwa kidole. Iwekee kifungo cha akiba kwa ndani. Ipige pasi, ikunje.

Mteja akifika, mwombe aijaribu palepale. Mwambie anyanyue mikono, aketi, ainame. Kama kuna kosa, atakuwa na aibu ya kulisema, hasa akiwa mdogo kwako kiumri au mshirika mwenzako wa kanisani, wewe mwulize waziwazi, "Inakubana wapi?" Kosa likiwa lako, rekebisha bila malipo na umwambie lini liko tayari, kwa utaratibu uleule wa tarehe. Likiwa si lako, kwa mfano amenenepa tangu apimwe, ile akiba ya sentimita mbili na nusu ubavuni itawatosha wote wawili. Itoe, na kama ni kazi ndogo usimdai.

Ukiwa umeharibu kitambaa kabisa, sema kabla hajakigundua, na ukinunue kingine cha aina ileile kwa fedha yako. Kama huna yote, mpatane kwa awamu, mliandike kwenye daftari na wote wawili mtie sahihi.

Akishaondoka, rudi kwenye ukurasa wake. Andika kilichorekebishwa na kwa nini: bega la kulia liko chini kuliko la kushoto, anapenda mkono mpana, kiuno kimeongezeka sentimita tatu. Akija tena mwaka ujao, mpime upya hata kama namba zake unazo.